Mizani Kwanza, Moto Baadaye: Mhadhara Kuhusu Upishi wa Sabuni, Kianyaga

Nimeombwa nizungumze juu ya kutengeneza sabuni nyumbani kwa njia ya moto, na nitaanza na jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu.

Mengi yanayofundishwa vyamani kwa jina la kutengeneza sabuni ni kazi ya kuchanganya tu. Mwalimu huja na ungarol, asidi ya salfoniki, chumvi, rangi na manukato. Vitu vinakorogwa kwenye ndoo, maji yanaongezwa, na jioni kila mama anaondoka na mtungi wa lita tano. Sina ugomvi na maji hayo ya povu. Huosha vyombo na sakafu vizuri. Ila ungarol imekwisha kutengenezwa kiwandani kabla haijafika kwenye ndoo yetu, na sisi tunaizimua. Bei yake ikipanda Nairobi, chama cha Kianyaga hakina la kufanya ila kupandisha bei au kuongeza maji. Na shamba letu halichangii chochote humo, hata tone moja la mafuta.

Sabuni yenyewe, ile iliyooshea watu miili na nguo kwa karne nyingi, huzaliwa mafuta yanapokutana na alkali kali. Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeeleza vizuri kinachotokea, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1823. Mafuta, yawe ya ng'ombe au ya mmea, yameundwa kwa asidi tatu zilizoshikwa pamoja na gliserini. Kostiki soda huvunja mshiko huo, huzichukua zile asidi tatu na kuzigeuza sabuni, na gliserini hubaki huru. Viwanda vikubwa hutia chumvi nyingi ili sabuni ijitenge, kisha huiondoa gliserini na kuiuza kwa watengeneza dawa na vipodozi. Katika sufuria ya nyumbani hubaki humo humo, ndiyo maana sabuni iliyopikwa vyema haiachi ngozi imekakamaa.

Hoja yangu jioni hii ni kwamba upishi wa sabuni ni kazi ya mizani, na moto ni wa kuharakisha tu. Anayepima sawasawa atapata sabuni hata asipowasha jiko, ila atangoja wiki kadhaa. Anayekosea vipimo hataokolewa na kuni zote za msitu wa Njukiini.

Tuanze na mafuta, kwa sababu hapo ndipo Kianyaga ina la kusema.

Mafuta yaliyo rahisi kupata na yanayodharauliwa kuliko yote ni shahamu ya ng'ombe. Kila bucha ina ndoo ya vipande vyeupe ambavyo mteja hataki viwekwe kwenye kilo yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa malighafi ya sabuni ya Ulaya kwa muda mrefu, na hutoa kipande kigumu kisichoyeyuka upesi majini. Ikate vipande vidogo, ichemshe kwa maji yenye chumvi kidogo kwa moto wa chini, ichuje, uiache usiku kucha. Kwa baridi yetu ya Julai, asubuhi utakuta bamba gumu juu ya maji. Ligeuze, paa kwa kisu ule uchafu wa kijivu chini yake, urudie kuchemsha. Harufu ya nyama ikibaki, chemsha mara ya tatu. Wengi wanaolalamika kwamba sabuni yao inanuka bucha walivunjika moyo kwenye mchemsho wa kwanza.

Kisha kuna parachichi. Hass hununuliwa na madalali wa kupeleka nje, lakini mengi ya Fuerte na ya kienyeji huanguka chini ya miti yakaliwa na nguruwe. Nyama ya parachichi lililoiva ina mafuta mengi, na mama mwenye subira anaweza kuyapata kwa kuikausha juani na kuikamua, au kuipika polepole hadi maji yaishe na mafuta yajitenge. Sabuni ya parachichi peke yake ni laini na povu lake ni dogo, kwa hiyo mafuta yake yanafaa kuandamana na shahamu. Makadamia ni habari nyingine. Kokwa yake ina mafuta zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake, na kemia yake ni nzuri, lakini kuitia kokwa nzima kwenye sabuni, kwa maoni yangu, ni ubadhirifu. Tumia zilizovunjika ambazo kiwanda kimezikataa, kama utazipata.

Wazee walioko hapa wanakumbuka mbarika. Kabla ya sabuni ya duka kufika mlimani, Wakikuyu walijipaka mafuta ya mbarika mwilini na kulainishia nayo mavazi ya ngozi, mara nyingi yakiwa yamechanganywa na udongo mwekundu. Mafuta hayo, yakiwa sehemu moja kwa kumi au kwa ishirini ya mchanganyiko, hufanya povu lidumu. Nunueni yaliyokamuliwa tayari. Mbegu ya mbarika ina sumu kali iitwayo risini, ambayo hubaki kwenye makapi baada ya kukamua, na si kitu cha kusaga jikoni penye watoto na kuku.

Nazi tutaiagiza Pwani, hakuna njia. Povu jingi, jeupe, la haraka, hutoka kwenye nazi kuliko mafuta mengine yote niliyoyataja. Lakini isizidi theluthi moja, maana huosha mno hadi hukausha ngozi.

Si sisi wa kwanza kufikiri hivi. Wanawake wa Kigoma hupika sabuni kwa mawese kwa kuwa michikichi iko nyuma ya nyumba. Kule Paje, Unguja, ambako kilimo cha mwani kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 na bei ya mwani mkavu imekuwa ikiwavunja moyo wakulima, akina mama waliuchukua mwani wao wenyewe wakautia kwenye sabuni ya mafuta ya nazi, wakauzia hoteli na wageni. Kuna mfano wa kinyume pia, na ni vizuri tuukumbuke. Mwaka 1911 William Lever, tajiri wa sabuni ya Sunlight, alipewa na Wabelgiji haki ya kuvuna michikichi katika maeneo makubwa ya Kongo. Kituo chake kikuu kikaitwa Leverville, ndio Lusanga ya leo, na wanaume wa vijiji vile wakalazimishwa kukwea michikichi ili Waingereza wafue nguo. Mafuta yalikuwa ya Kongo, sabuni ikawa ya kwingine.

Sasa alkali. Babu na bibi zetu walijua maji ya majivu, na majivu hutoa sabuni, ila ni laini na nguvu yake haitabiriki: majivu ya mgrevilea si sawa na ya mkaratusi. Mwaka 1791 Mfaransa mwingine, Nicolas Leblanc, alipata njia ya kutengeneza soda kwa chumvi ya kawaida, na tangu hapo sabuni ikaacha kutegemea majivu.

Najua swali linalokuja: je, magadi? Tunayo, tunalainishia githeri. Ziwa Magadi liko Kajiado, kampuni ya magadi ilianzishwa mwaka 1911, na reli ya kutoka Konza ilijengwa kwa ajili yake. Lakini magadi ni soda dhaifu. Ukiyachemsha na shahamu kutwa nzima utapata uji wa mafuta yenye chumvi. Ili yapate meno, lazima yachemshwe na chokaa iliyozimwa: gramu 106 za magadi safi yaliyochomwa kwa gramu 74 za chokaa hutoa gramu 80 za kostiki, na unga mweupe wa chokaa hutuama chini. Mwalimu wa kemia anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake, na ni somo tamu. Kwa biashara sishauri, kwa sababu magadi ya sokoni yana mchanga na chumvi, nawe hutajua umepata kostiki kiasi gani. Nunueni kostiki ya dukani iliyoandikwa usafi wake. Naona uchungu kusema hivyo katika nchi inayochimba soda na kuipakia melini, huku magunia mengi ya kostiki yakishushwa bandari ile ile.

Kostiki hiyo inadai heshima. Hutiwa ndani ya maji, polepole. Maji hayamwagwi juu yake hata siku moja, kwa maana hulipuka kwa joto na kurukia macho. Maji baridi yakipokea kostiki hupanda joto ndani ya dakika moja hadi huwezi kushika chombo, na hutoa mvuke unaokaba koo. Fanyia nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa glavu na miwani. Ikikurukia, osha kwa maji mengi, kwa muda mrefu. Acha siki kabatini. Na usiiweke kwenye chupa ya soda au ya maji. Hospitali zetu zimepokea watoto waliokunywa kostiki wakidhani ni kinywaji, na koo lililoungua hivyo haliponi vizuri.

Tena, msipikie kwenye sufuria ya kawaida. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki huila alumini. Utaona inachemka yenyewe bila moto na kutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hushika moto, na sufuria itatoka na matundu. Tumia ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli isiyobanduka, yenye nafasi mara mbili ya ujazo wa mchanganyiko.

Haya, mizani. Kila mafuta yana hesabu yake ya kostiki. Gramu moja ya shahamu huhitaji gramu 0.140 hivi, ya nazi 0.183, ya parachichi 0.133. Tuchukue kilo moja ya mafuta: shahamu gramu 600, nazi 250, parachichi 150. Shahamu itataka kostiki gramu 84, nazi karibu 46, parachichi 20. Jumla ni 150. Tunapunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka, yawe kinga ya ngozi na kinga ya makosa yetu. Inabaki gramu 142. Maji yatakuwa gramu 380, mengi kuliko ya njia ya baridi, kwa kuwa mengine yatakwenda na mvuke.

Sasa tazameni. Mizani ya bucha ina alama za gramu 20 au zaidi. Ukikosea alama moja tu kwenye kostiki, umetia 162 badala ya 142. Mafuta yote yale, hata yakigeuka sabuni hadi tone la mwisho, yanaweza kula 150. Gramu 12 za kostiki zitabaki bila mwenza, na hata ukipika hadi jogoo wa kwanza hazina pa kwenda, ila kwenye mkono wa mteja. Vikombe na vijiko ni vibaya zaidi, kwa sababu kostiki ya vipande na ya punje hazijazi kikombe sawa. Chama kikiwa na fedha za kununua kitu kimoja tu, kinunue mizani ya jikoni ya betri inayosoma gramu moja moja. Rangi na manukato vitangoja.

Tukisha kupima, jiko linaweza kuwashwa. Sufuria ya mafuta hukaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, hiyo kubwa inaweza kuwa ya alumini. Huku kwetu, kwenye mwinuko wa mita 1,500 na kitu, maji huchemka karibu na nyuzi 95, kwa hiyo mchanganyiko hauwezi kuungua hata ukiitwa mlangoni. Makaa machache yanatosha. Mafuta yakiisha kuyeyuka, mimina maji ya kostiki taratibu huku ukikoroga. Ukikoroga kwa mkono, andaa bega. Ukiwa na mashine ya kusagia supu, ni dakika chache. Mchanganyiko hupoteza mng'ao, huwa mzito, na tone likidondoka kutoka kwenye mwiko huacha alama juu yake badala ya kuzama. Hapo mafuta na maji vimeshikana.

Funika. Baada ya robo saa hivi utaona kingo zinaanza kung'aa na kupitisha mwanga, huku katikati pakiwa bado peupe. Sabuni inajipindua kutoka pembeni kuja ndani. Wakati mwingine huinuka ghafla, ikoroge ishuke. Kisha huvunjika mabonge mabonge, na hapa ndipo wanaoanza hudhani imeharibika. Haijaharibika. Itapita hatua ya kufanana na mukimo mkavu, na ukiendelea kuigeuza kila baada ya dakika chache, mabonge yataungana tena yawe kitu kizito, kinachong'aa chote, kisicho na alama nyeupe ndani. Chukua kidogo, kiache kipoe, kisugue kati ya vidole ukiwa na glavu: kinakuwa nta. Kazi yote huchukua kati ya saa moja na saa tatu, kwa kutegemea mafuta na moto.

Je, imeiva? Wapishi wa zamani walionja kwa ncha ya ulimi, na kostiki iliyobaki iliwachapa mshtuko. Sisi tuna njia ya heshima zaidi. Katika maabara ya shule za sekondari kuna chupa ya fenoftalini, ile ambayo watahiniwa wa KCSE huidondosha kwenye asidi na besi. Tone moja juu ya sabuni iliyopoa: likigeuka waridi iliyokoza, kostiki bado ipo. Likibaki bila rangi au na rangi hafifu sana, tuko salama. Waridi ikikataa kuondoka baada ya kupika zaidi, pima mafuta mengine kidogo, uyaongeze, upike tena. Hii ndiyo sababu nawashauri wanaoanza waende njia ya moto. Njia ya baridi hutoa kipande laini na kizuri zaidi machoni, hilo silikatai, lakini kosa lake huweza kujificha kwa wiki nne hadi sita, na hadi lijulikane umemwaga vipande vingine ishirini juu ya kosa lile lile. Kwenye moto kosa huonekana siku hiyo hiyo, na hurekebishika siku hiyo hiyo.

Faida nyingine ni ya harufu. Kwenye njia ya baridi, mafuta ya mkaratusi au mchaichai hupigana na kostiki ikiwa bado kali. Kwenye moto tunayatia mwishoni, sabuni ikishapoa kidogo, kwa hiyo kidogo hutosha. Wakati huo pia unaweza kutia mashapo makavu ya kahawa. Wachumaji wa majani chai walioko hapa wanajua vidole vinavyobaki na weusi wa utomvu. Mashapo hukwangua weusi huo. Mimina kwenye sanduku la mbao lililotandikwa karatasi, gandamiza kwa nguvu hewa itoke, kata siku ya pili. Juu hapatakuwa laini, na msihangaike kupalainisha. Sabuni hiyo inaweza kutumika mara moja, lakini iliyokaa wiki mbili au tatu penye hewa hupunguza maji na haiyeyuki ovyo kwenye kisahani.

Tuna bahati moja ambayo hatujaihesabu. Maji ya Thiba na Nyamindi hushuka mlimani yakiwa mepesi, na sabuni ya kweli hupenda maji mepesi. Mtu wa kisima chenye maji magumu ataosha na kipande hicho hicho aone utando wa kijivu kwenye beseni, kwa sababu kalisi ya maji hushika sabuni. Mkiuza mbali, mwambieni mteja mapema.

Kuuza, basi, kwa ufupi. Msishindane na mche wa kufulia wa viwanda vya Thika na Nakuru. Wananunua mafuta kwa tani, na hamtawaweza kwa bei. Uzeni sabuni ya kuogea na ya mikono. Msiandike kwamba inaponya ukurutu au inang'arisha ngozi. Kabla ya kuingia madukani mtahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, na kwa msaada wa kitaalamu kuna KIRDI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda.

Mwisho ni daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kila pishi lina tarehe yake, uzito wa kila mafuta, uzito wa kostiki, jina la aliyepima na la aliyehakiki. Aliyepima asijihakiki mwenyewe. Na kipande kimoja cha kila pishi kisiuzwe. Kipewe namba, kikae kabatini mwaka mzima. Yakitokea madoa ya rangi ya chungwa, mafuta yaliyobaki ndani yameanza kuoza, na daftari litawaambia ni shahamu ya siku gani na parachichi la nani.

Sasa nipo tayari kwa maswali, na naomba tuanze na mama pale nyuma, aliyeinua mkono tangu nilipomtaja mwalimu wa ungarol.